Kilichopachikwa Ukurasani

Miraa inayochumwa asubuhi katika mashamba ya Igembe, ikafungwa vitita na kuviringwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, haina subira: ile nguvu iliyo ndani yake, ambayo wanakemia huiita kathinoni, huanza kupungua tangu tawi lilipotengwa na mti, na baada ya siku mbili au tatu sehemu yake kubwa imekwisha kugeuka kuwa kitu kingine kilicho dhaifu zaidi. Ndiyo sababu magari yatokayo Maua kuelekea Nairobi yamepata sifa ya mbio ambayo kila mwenyeji wa njia ile aijua, na ndiyo sababu mwenye biashara hii huhitaji habari ziendazo upesi kuliko mzigo wenyewe.

Tuseme basi kwamba mfanyabiashara mmoja wa Maua ametengeneza tovuti, na katikati ya ukurasa wake, ili kuwaonyesha wateja kwamba anajulikana, amepachika tangazo alilokwisha kuliandika katika Facebook, pamoja na picha yake na hesabu ya watu waliolipenda. Tuseme tena kwamba msomaji mmoja wa ukurasa huo yuko London, ambako miraa ilikuwa ikiuzwa dukani kwa uhalali mpaka tarehe 24 Juni 2014, siku ambayo sheria ya Uingereza iliiingiza katika hesabu ya dawa zilizokatazwa. Msomaji huyu hanunui kitu. Yamkini ni mwana wa Nyambene aliyeshikwa na hamu ya kujua bei ya kwao. Hakuandika jina lake, hakubonyeza popote, hakuulizwa neno wala hakujibu. Hata hivyo, kabla hajaimaliza sentensi ya kwanza, simu yake imekwisha kuipasha habari nyumba ya tatu, ambayo si ya mfanyabiashara wala si yake, kwamba kifaa hiki, kilicho mahali hapa, saa hii, kinasoma tovuti ya miraa.

Aghalabu watu hudhani kwamba kupachika ni sawa na kubandika, kama mtu akatavyo picha gazetini akaigandisha katika ukuta wa chumba chake. Lau ingekuwa hivyo kusingekuwa na haja ya kuyaandika haya, maana picha iliyokatwa haina tena uhusiano na mpiga chapa wake. Hawezi kuibadili usiku, hawezi kuiondoa, wala hawezi kujua ni nani aliyeingia chumbani na kuitazama. Lakini kilichopachikwa ukurasani hakikukatwa kwao. Mwenye tovuti huandika katika ukurasa wake mistari michache ya maagizo, na maagizo hayo hukiamuru kivinjari cha kila msomaji kiende kwenye seva ya kampuni fulani, kikachukue kitu fulani, kikakionyeshe hapa. Kwa hiyo anayekwenda kubisha hodi kwa kampuni si mwenye tovuti, bali ni msomaji mwenyewe, kwa simu yake, kwa bando lake, na kwa anwani yake.

Mkulima wa makadamia wa Runyenjes apandikizapo kikonyo cha mti mzaaji juu ya shina la mche, hulifunga jeraha kwa utepe na kungoja majuma kadhaa hata viwili hivyo vishikane. Na tangu hapo kikonyo hunywa maji ya shina, na shina likikauka nacho hukauka, kwa kuwa vimekuwa mti mmoja wenye mwenyewe mmoja. Kipande cha mtandao wa kijamii kilichopachikwa hakishikani kamwe na ukurasa uliokipokea. Kinasimama juu yake, watu wanakiona kama tawi lake, lakini mzizi wake umebaki kwa kampuni iliyokitoa, na kampuni hiyo ndiyo iamuayo kitachanua nini kesho.

Mjumbe aliyetumwa kuchukua kitu hakosi kujulikana atokako. Kivinjari kikiomba kipande kile hupeleka anwani ya tarakimu ya mtandao wa msomaji, ambayo kwayo huweza kukisiwa nchi yake na pengine mji wake. Hupeleka aina ya kifaa. Na hupeleka jina la tovuti iliyomtuma. Tangu mwaka 2020 Chrome imelipunguza hili la mwisho kidogo, kwa kulitaja jina la tovuti bila kuutaja ukurasa wenyewe, lakini programu iliyopewa ruhusa ya kufanya kazi ndani ya ukurasa yaweza kuusoma itakavyo. Fauka ya hayo kuna vidakuzi, vile vijalada vidogo ambavyo Lou Montulli alivibuni mwaka 1994 katika kampuni ya Netscape ili tovuti iweze kumkumbuka mteja wake aliyekwisha kuingia mara moja. Ikiwa msomaji amewahi kuingia Facebook kwa kivinjari kile kile na hajatoka, mjumbe wetu hufika akiwa amevaa jina lake kifuani. Anayetumia Facebook kwa programu yake ya simu tu huenda akaponyoka kwa jina, asiponyoke kwa alama nyingine. Safari, kivinjari cha kampuni ya Apple, kilivifunga vidakuzi vya namna hii vyote mwaka 2020. Google, ambayo Chrome yake ndiyo iliyo katika simu za wengi wetu, iliahidi kwa miaka kadhaa kwamba itaviondoa, kisha mwaka 2024 ikaiacha nia hiyo.

Jambo lililo gumu kuaminika kwa watu wengi ninaozungumza nao ni kwamba kubonyeza si sharti. Facebook ilipoziruhusu tovuti zote kuweka kitufe chake cha kupenda, Aprili 2010, kilikubaliwa kama pambo lisilo na gharama. Lakini kitufe kile hakikungoja kidole cha mtu. Kuonekana kwake tu kulikuwa ombi lililokwisha kupelekwa na habari iliyokwisha kupokewa.

Gazeti la mtandaoni la The Markup lilichunguza Juni 2022 tovuti za hospitali 100 mashuhuri za Marekani, likakuta katika 33 kati yake kipande cha Meta, kampuni yenye Facebook, kinachopeleka habari kila mgonjwa alipobonyeza kitufe cha kuweka miadi na daktari. Kipande hicho hakikuwa na sura wala picha, lakini ni ndugu wa hivi vinavyoonekana, na njia yao ni moja. Nalitaja jambo la wagonjwa kwa kuwa nayajua mazoea yetu. Katika miji yetu midogo si ajabu mtu wa Siakago kupanda matatu mpaka mji mwingine kwenda kuchukua dawa, akitumia nauli ambayo haimtoshi, ili asionekane na jirani katika foleni ya kliniki. Mtu huyu aliyeinunua faragha yake kwa fedha na kwa siku nzima ya kazi, akifungua usiku ukurasa wa kliniki ili ajue saa za kufunguliwa, hastahili kukuta kwamba kwa sababu ya picha tatu za sherehe zilizopachikwa chini ya ukurasa, safari yake imeandikwa katika daftari la kampuni iliyo ng'ambo ya bahari. Aliyeziweka hakukusudia ubaya, na huenda hata hakujua. Lakini msomaji alibisha katika mlango wa kliniki, si katika mlango wa Facebook, na alichokileta mlangoni pale kilikuwa amana.

Sheria imekwisha kuanza kulitazama jambo hili kwa jicho hilo. Tarehe 29 Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika shauri la Fashion ID, duka la nguo la Ujerumani lililouza kwa mtandao na kuweka kitufe cha Facebook katika ukurasa wake. Mahakama ikasema kwamba mwenye tovuti hawezi kunawa mikono: yale ambayo Facebook huyatenda baadaye na habari ilizopata si juu yake, lakini kuzikusanya na kuzipeleka ni tendo lao wawili, kwa kuwa bila ya yeye kukiweka kitufe pale habari zisingetoka. Miezi michache baadaye, tarehe 8 Novemba, Kenya ikapata Sheria yake ya Kulinda Data, iliyosimama juu ya kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinachomhakikishia kila mtu faragha. Sheria hii humtaka akusanyaye habari za mtu amwambie ni habari gani, kwa sababu gani, na zitamfikia nani; huyahesabu mambo ya afya miongoni mwa yale yanayohitaji hifadhi kubwa zaidi; na huruhusu adhabu ifikayo shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo.

Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Shauri lile lilihusu kutangaza, si kupachika, lakini mwalimu mkuu yeyote wa Meru aliyepachika katika tovuti ya shule yake albamu ya Facebook ya siku ya michezo angefanya vyema kulitafakari, maana yeye ana maswali mawili ya kujibu: la watoto walio katika picha, na la wazazi wanaozitazama.

Hatari nyingine ni ya usalama hasa, na hapa yafaa kupambanua. Kuna kipande kinachofungiwa ndani ya fremu yake, kama mgeni aliyepewa chumba chenye kuta, kisichoweza kugusa vitu vya nyumba nzima. Na kuna programu ya nje inayoingizwa ndani ya ukurasa wenyewe, ikapata ruhusa zile zile alizo nazo mwenye nyumba, ya kusoma kilichoandikwa, kubadili kinachoonekana, na hata kuyatazama maneno ambayo msomaji anayaandika katika fomu. Mitandao mingi hutoa vipande vyake kwa njia hii ya pili, au kwa kuichanganya na ya kwanza. Tarehe 11 Februari 2018 wahalifu waliingilia faili moja ya Browsealoud, programu ya kuwasomea kwa sauti wale ambao kusoma huwa kuzito kwao, na kwa kubadili faili hiyo moja wakazishika tovuti zaidi ya 4,000 zilizokuwa zikiichukua kutoka kwa mwenyewe, ikiwemo ya ofisi ile ile ya Uingereza inayolinda habari za watu. Vifaa vya wasomaji viligeuzwa watumwa wa kukokotoa hesabu za kutengeneza sarafu ya Monero. Programu ile haikuwa ya mtandao wa kijamii, bali ilikuwa ya hisani tupu. Na hakuna hata mwenye tovuti mmoja kati ya wale aliyevunjiwa mlango wake.

Nililolishuhudia mimi mwenyewe ni dogo kuliko hilo, lakini ndilo lililonifanya niandike. Jamaa wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa huku Embu waliniomba nitazame kwa nini ukurasa wao wa historia ya kiwanda unafunguka polepole na kumaliza bando za wanachama. Nilikuta kwamba nusu ya historia hiyo ilikuwa imepachikwa. Palipokuwa na ujumbe wa vijana walioandika siku ya mnada mzuri, palikuwa peupe, kwa kuwa waliouandika walikwisha kuufuta. Lililo baya zaidi lilikuwa pembeni. Akaunti moja, ambayo ujumbe wake mpya ulijitokeza wenyewe katika safu ya ukurasa, ilikuwa imeingia mikononi mwa watu wengine, ikabaki na jina lile lile na kuanza kutangaza kamari. Kwa hiyo wazee waanzilishi, waliopigwa picha mbele ya mashine ya kukoboa wakiwa wamevaa makoti yao ya Jumapili, walisimama kando ya wito wa kuweka dau. Katibu aliapa kwamba hakuweka kitu hicho, naye alisema kweli.

Jambo hilo halihusu kahawa pekee. Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipoipiga marufuku muguka, aina ya miraa ilimwayo Mbeere, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku hiyo siku chache baadaye, wakulima wengi wa Mbeere waliipata habari kwa ujumbe wa mitandao. Atakayetaka kuuandika mwezi ule kwa kupachika ujumbe wa waliokuwepo atakuwa ameikabidhi kumbukumbu ya Mbeere kwa hiari ya kila aliyeandika na ya kila kampuni iliyobeba.

Dawa yake si ngumu. Maneno hunakiliwa, yakatiwa jina la aliyesema na tarehe. Picha huombwa kwa mwenyewe na kuwekwa katika seva ya mwenye tovuti. Na kiungo cha kawaida huachwa chini, ili atakaye kwenda Facebook aende kwa miguu yake, akijua anakokwenda. Panapokuwa hapana budi kupachika, ipo njia ambayo shirika la magazeti la Heise la Ujerumani liliieneza mwaka 2011: msomaji huonyeshwa kwanza kivuli kisicho na uhai, na hakuna habari inayotoka mpaka yeye mwenyewe abonyeze kukubali.

Katibu wa chama alichagua njia ya kwanza, nami nilifuatana naye siku moja kwenda kuomba picha kwa mjane wa mmoja wa waanzilishi, ambaye nyumba yake iko juu ya mto Rupingazi. Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza katibu picha hiyo itakaa wapi. Katibu akamjibu kwamba itakaa katika tovuti ya chama, ataiweka yeye kwa mkono wake, kila mtu ataweza kuiona, na siku ambayo mama hataitaka tena pale afike ofisini amwambie, itaondolewa siku hiyo hiyo. Mama akauliza, "Nikuambie wewe?" Katibu akasema, "Ndiyo, mama, mimi." Akaingia ndani, akakawia, akatoka na fremu, akaanza kuvifungua vipini vya nyuma kwa ncha ya kisu.