Tilting: Kijiji cha Waairishi Kilichokataa Kuhama

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Usemi huo hutajwa sana panapozungumzwa ngoma, mavazi na lugha. Ni mara chache kutajwa kwa ajili ya kibanda cha kupasulia samaki. Hata hivyo, huko Kanada kiko kijiji cha wavuvi ambacho urithi wake umo katika vitu vya namna hiyo: vibanda vya mbao, chanja za kuanikia, nyua za bustani na maghala ya viazi. Kijiji hicho ni Tilting, kilichoko mashariki ya kisiwa cha Fogo, karibu na pwani ya kaskazini-mashariki ya Newfoundland. Wakaaji wake ni mia chache tu. Mnamo mwaka 2003 serikali ya Kanada ilikitambua kuwa mahali pa kihistoria pa taifa.

Ndugu msomaji atauliza: Waairishi walifikaje huko? Katika karne ya 18 merikebu za matajiri wa Uingereza zilizokwenda kuvua Newfoundland zilikuwa na desturi ya kutia nanga Waterford, kusini-mashariki ya Ayalandi, ili kupakia nyama ya chumvi, siagi na vijana wa kazi. Vijana hao waliandikwa kwa mkataba wa viangazi viwili na majira ya baridi moja, kisha warudi kwao. Kwa lugha ya wavuvi wetu wa pwani, walikwenda kupiga dago.

Lakini wengi hawakurudi. Kwao ardhi ilikuwa mikononi mwa makabaila, na sheria za Kiingereza ziliwabana kwa sababu ya dini yao ya Kikatoliki. Hata ng'ambo hawakupata uhuru wa kusali hadharani mpaka mwaka 1784. Ila huko ilikuwapo bahari tele, nao waliiita nchi ile kwa lugha yao Talamh an Éisc, yaani Nchi ya Samaki. Ieleweke kwamba hao si wale walioikimbia njaa kuu ya viazi iliyoanza mwaka 1845. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufika kabla yake. Katika kisiwa ambacho vijiji vingi vilikaliwa na Waingereza wa madhehebu ya Kiprotestanti, Tilting ikawa maskani ya Waairishi: akina Burke, Dwyer, Foley, Greene na McGrath, ambao lafudhi ya babu zao haijatoweka vinywani mwao. Wala haifai kuwasahau wenyeji wa asili, Wabeothuk, waliovua katika pwani hizo tangu zamani. Mtu wa mwisho wao ajulikanaye alifariki mwaka 1829.

Mali ya Tilting ilikuwa chewa wa bahari ya baridi, samaki mwenye nyama nyeupe na ndevu moja kidevuni. Alivuliwa tangu alfajiri na kuletwa kwenye kibanda kilichosimamishwa juu ya nguzo, nusu nchi kavu, nusu majini. Humo ndani kila mmoja alikuwa na zamu yake. Wa kwanza alipasua koo na tumbo. Wa pili aling'oa kichwa na matumbo, na kuliweka ini kando kwa ajili ya mafuta. Wa tatu, ambaye ilimpasa kuwa hodari kuliko wenzake, aliutoa uti wa mgongo kwa kisu. Wa nne alitia chumvi. Baada ya siku kadhaa samaki alioshwa na kuanikwa juu ya chanja za fito. Hapo ndipo ulipodhihirika ujuzi wa akina mama. Wao pamoja na watoto walianika asubuhi, wakageuza na kuanua kabla ya mvua, maana chumvi ikizidi au jua likiwa kali mno samaki huharibika na bei hushuka. Ng'onda huyo alisafiri mpaka Hispania, Ureno na Brazili; na yule duni kabisa aliuzwa visiwa vya Karibi, kulisha watumwa wa mashamba ya miwa.

Nyumba nazo zilikuwa na hekima yake. Zilijengwa kwa mbao juu ya nguzo fupi, pasipo msingi mzito. Mtu alipotaka kuihamisha nyumba yake, wanaume wa kijiji walikusanyika, wakaifunga kamba na kuivuta kwa wimbo wa kazi, aghalabu juu ya theluji au barafu. Bustani zilizungushiwa nyua, na mifugo ikaachwa huru. Viazi vilipandwa kwenye matuta yaliyorutubishwa kwa mwani na samaki wadogo wanaojitupa ufukweni wakati wa kiangazi. Mtoto wa kiume alijenga jirani na baba yake, na kila ukoo ukawa na mtaa wake.

Hata hivyo, tusiyapambe maisha hayo kupita kiasi. Aliyemkimbia kabaila alimkuta tajiri. Mvuvi alikopeshwa unga, chumvi na nyavu mwanzoni mwa msimu, akalipa kwa samaki mwishoni. Na bei ya vyote viwili ilipangwa na tajiri. Wengi waliishi miaka mingi bila kushika fedha taslimu.

Newfoundland ilijiunga na Kanada mwaka 1949. Tangu mwaka 1954 hadi 1975 mipango ya serikali iliwahamisha watu wapatao 30,000 kutoka vijiji vya pwani, ili wapewe shule, hospitali na barabara kwa urahisi zaidi. Kisiwa cha Fogo nacho kilikuwa hatarini: matajiri walikuwa wameondoka, na watu wengi waliishi kwa msaada wa serikali. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Memorial na Halmashauri ya Filamu ya Taifa, chini ya mwongozaji Colin Low, walipiga filamu fupi 27 ambamo wakaaji walisema wenyewe shida zao. Filamu hizo zilionyeshwa kijiji kwa kijiji, kisha zikapelekwa kwa wakuu wa serikali. Watu waliotengwa na dini na maji wakatambua kwamba tatizo lao ni moja. Wakaunda chama cha ushirika, wakajenga mashua kubwa zaidi, nao hawakuhama.

Jaribio kubwa zaidi lilitoka baharini. Meli kubwa za kigeni zenye mitambo ya kugandisha zilikuwa zikikomba samaki usiku na mchana. Mwaka 1968 pekee zaidi ya tani 800,000 za chewa zilivuliwa katika maji hayo. Kanada ilipanua mipaka yake ya uvuvi hadi maili 200 mwaka 1977, lakini meli zake yenyewe ziliendeleza uharibifu. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi huo ulipigwa marufuku, na watu zaidi ya 30,000 wa Newfoundland wakapoteza kazi. Ushirika wa Fogo ulinusurika kwa kugeukia kaa na kamba. Uvuvi wa biashara wa chewa uliruhusiwa tena mwaka 2024, kwa kiwango cha tani 18,000 tu.

Leo mabanda ya ukoo wa Dwyer yangali yamesimama ukingoni mwa maji, na nyumba ya ukoo wa Lane imekuwa jumba la makumbusho. Wageni huvuka kwa kivuko kuja kuyatazama. Lakini kama watu wa Fogo wangalitawanyika katika miaka ile, mbao hizo zingalikwisha kuoza zamani, na hapangalikuwa na kitu cha kutangazwa mwaka 2003. Serikali yaweza kuweka kibao cha shaba mahali popote. Kinachouweka hai urithi ni watu wanaokaa hapo, wenye ushirika wao na kazi yao, na bahari yenye samaki mbele ya milango yao.