Picha ya Chui: Tuhakikishe Kwanza

Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha picha fupi iliyonaswa usiku na kamera ya kutegea katika kisiwa cha Unguja. Katika picha hiyo alipita mnyama wa jamii ya paka, mwenye madoa, kisha akapotea kizani. Mwongozaji wa kipindi, Forrest Galante, alitangaza kwamba huyo ndiye chui wa Unguja, mnyama ambaye wataalamu wengi walikwisha kumhesabu kuwa ametoweka. Wako waliofurahi, na wako waliotaka ushahidi zaidi. Picha hiyo haikutosha kuwafanya wataalamu wakubaliane.

Hatuandiki leo ili tumkebehi aliyefurahi wala tumsifu aliyetia shaka. Tunaandika kwa sababu jina atakalopewa mnyama anayeonekana katika picha kama hiyo si jambo dogo kwetu wana wa visiwa hivi. Hapa Unguja jina hilo limewahi kuua mnyama, na limewahi kumharibia mtu heshima yake mbele ya majirani.

Yafaa tukumbuke chui huyu alikuwa nani. Unguja iliungana na bara wakati wa enzi ya barafu, bahari ilipokuwa chini kuliko ilivyo leo. Mifupa ya nyati na punda milia iliyofukuliwa katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, yashuhudia hayo. Maji yalipopanda, miaka isiyopungua 10,000 iliyopita, chui alibaki kisiwani akawa mnyama mkubwa kuliko wote walao nyama. Alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wa bara, na madoa yake yalikuwa madogo yaliyosongamana. Mwaka 1932 mtaalamu Mwingereza, Reginald Pocock, alimwandika katika vitabu vya elimu na kumpa jina la Dakta Aders, aliyekuwa mtaalamu wa viumbe katika serikali ya Zanzibar ya wakati huo. Baadaye uchunguzi wa vinasaba uliwafanya wataalamu wawaweke chui wote wa Afrika katika kundi moja. Hata hivyo, hakuna awezaye kufuta historia ya mnyama aliyeishi peke yake kisiwani kwa muda mrefu kiasi hicho.

Wazee wetu walimjua kabla ya Pocock. Wasasi waliwatofautisha konge na kisutu. Lakini kulikuwa na tofauti nyingine iliyoleta balaa: ilisemwa kwamba kuna chui wa mwitu na kuna chui wa kufugwa, yaani chui wanaotunzwa na wachawi na kutumwa kuwadhuru watu. Mbuzi akiliwa usiku, swali halikuwa tu ni mnyama gani aliyemla. Swali lilikuwa: ni wa nani?

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 hofu hiyo ilikutana na nguvu ya kuitekeleza. Mganga mmoja mashuhuri, aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, aliongoza kampeni ya kuwafichua wachawi na kuwaangamiza chui. Wasasi walipita kijiji hadi kijiji, na dola haikuwazuia, bali iliwaunga mkono. Sisi tulio katika utumishi wa umma na wa chama hatuna budi kulisema hili bila kigugumizi. Waliofanya vile waliamini kuwa wanawaokoa wananchi kutokana na dhuluma, na hofu ya mama aliyelala na watoto katika nyumba ya makuti haikuwa ya mzaha. Lakini matokeo yake tunayaona. Takwimu za wasasi ziliendelea kuandika chui waliouawa hata katikati ya miaka ya 1990; baada ya hapo kumebaki masimulizi. Ngozi za chui wa Unguja zinazojulikana katika majumba ya makumbusho ulimwenguni ni sita tu, na mojawapo ni ile iliyochakaa iliyo katika makumbusho yetu wenyewe.

Tangu hapo imezuka biashara ya masimulizi. Watafiti Helle Goldman na Martin Walsh, ambao mwaka 2002 waliuliza kwa maandishi kama chui huyu ametoweka, wameeleza pia jinsi wageni na hata maofisa walivyoahidiwa kuonyeshwa chui wa kufugwa, pengine kwa malipo, na chui asionekane. Kwa hiyo picha ikitokea leo, huingia katika nyumba ambayo tayari ina hofu, tamaa na matumaini. Ndiyo sababu tunasema ichunguzwe kwa utaratibu.

Kamera ya kutegea ni shahidi mzuri, lakini ni shahidi asiyeeleza yote aliyoyaona. Huamshwa na joto la kiumbe kinachopita, na usiku hupiga picha kwa mwanga usioonekana kwa macho, picha isiyo na rangi. Mnyama mdogo aliye karibu na kamera huonekana mkubwa, na mkubwa aliye mbali huonekana mdogo. Dawa yake ni nyepesi: kamera isisogezwe, na ufito uliopimwa usimamishwe pale pale alipopita mnyama, kisha upigwe picha na kulinganishwa naye. Kamera mbili zikitazamana huonyesha mbavu zote mbili. Madoa ya chui ni kama alama za vidole vya mtu, hayafanani na ya mwenzake.

Baada ya kipimo, yatazamwe maumbile. Chui ana madoa yaliyojipanga kama vishada ubavuni, masikio ya mviringo na mkia mnene. Ngawa ana weusi usoni uliokaa kama kitambaa cha kufunika macho, na manyoya marefu ya mgongoni yanayosimama akishtuka. Paka wa nyumbani aliyeingia mwituni huweza kuwa mkubwa, naye akipita karibu na kamera huwadanganya wengi. Mwisho utafutwe ushahidi wa kushika kwa mkono: kinyesi, manyoya, mabaki ya windo na nyayo. Chui huficha kucha zake anapotembea, hivyo unyayo wenye alama za kucha huenda ni wa mbwa au wa ngawa. Kinyesi na manyoya huweza kupimwa vinasaba, na hapo ubishi hupungua.

Tena tusiwasahau wananchi wenyewe. Wasasi wa Unguja walimjua tangu zamani mnyama mdogo mwenye madoa na mkia mrefu wa pete, wakamwita uchui. Elimu ya vitabu ilimwandika mwaka 1998 tu, na kamera zilizotegwa katika msitu wa Jozani zikampiga picha miaka michache baadaye. Mzee wa kijiji alikuwa na jibu kabla ya mtaalamu kuuliza swali. Basi picha inayobishaniwa ipelekwe na huko vijijini, ionyeshwe wazee wanaoujua msitu, na kauli zao ziandikwe kwa heshima bila kuwaahidi fedha.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Serikali iweke utaratibu ulio wazi: mwenye kutega kamera, awe mgeni au mwenyeji, aikabidhi Idara ya Misitu picha kamili pamoja na mahali na saa, kabla ya kuitangaza. Pili, masheha wapewe maelekezo kwamba mifugo ikiliwa, jambo la kwanza ni kuchunguza alama na mabaki, na si kutafuta jina la jirani. Tatu, hata kama mnyama atathibitika kuwa si chui, alindwe pale alipo. Uchui, ngawa, kima punju na paa nunga wangali nasi. Wasife kwa kosa la kufananishwa na mwingine, wala kwa kosa la kutokuwa yeye.

Na je, siku moja ikithibitika kwamba chui yupo? Hapo wajibu wetu utakuwa mkubwa zaidi. Mwenye mbuzi wake atahitaji zizi imara na fidia ya haki, msitu utahitaji ulinzi, na mahali alipoonekana pasitangazwe ovyo.

Tangu tukiwa chuoni, tumekaa juu ya mkeka, tulifundishwa kwamba habari ikiletwa kwanza huhakikishwa, wasije wakadhurika watu kwa ujinga kisha tukajuta. Katika jambo la chui kisiwa hiki kimekwisha kujuta mara moja. Safari hii tuhakikishe.