Je, Wajua? Alama ya Kalamu Huokoa Injini

Injini ya boti ya kupachika yenye mipigo miwili haitunzi oili chini kama gari. Oili yake huungua pamoja na petroli. Wavuvi wengi huchanganya kwa mkono, mara nyingi lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Mwaka 1984, chapa za injini za boti Johnson na Evinrude zilileta VRO, pampu inayochanganya yenyewe: oili kidogo boti ikienda taratibu, nyingi ikienda kasi.

Raha tupu, mpaka oili ikatike. Injini huweza kuendelea kunguruma kama kawaida, kisha pistoni zikang'ang'ania kwenye silinda.

Ukiwa na shaka na pampu hiyo, weka petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, chora alama ya kalamu kwenye tangi la oili, kisha tembea safari moja. Oili isiposhuka, haivutwi. Lakini usikimbilie kununua pampu (ni ghali mno): kwanza tazama kama mrija una hewa, chujio limeziba au maji yametuama chini ya tangi.

Na king'ora cha onyo cha injini kikilia baharini, zima injini kwanza. Sababu utaitafuta baadaye.