Mgongo Mtupu: Raha ya Kupanda Farasi Bila Tandiko, Ikitazamwa Kutoka Kagugu

Kwa Kinyarwanda farasi huitwa ifarasi. Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa neno hilo: ni letu, nasi tulilipata kwa Waarabu, kisha likapanda bara hadi kwenye vilima vya Rwanda. Ng'ombe hakuhitaji jina la kuazima. Yeye ana majina ya kwake kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo, tena ana utenzi wa kusifiwa. Tofauti hiyo peke yake inasimulia mengi. Kagugu, huku kaskazini mwa Kigali, katika sekta ya Kinyinya, mtoto huweza kulijua neno ifarasi miaka mingi kabla ya kumwona farasi mwenyewe. Basi anayetaka kuwaeleza wasomaji wa huku raha ya kupanda farasi bila tandiko hana budi aeleze kwanza kwa nini raha hiyo haikufika, ndipo aseme ni raha ya namna gani. Nami nashikilia kwamba si raha ya ushujaa, ingawa wengi huidhania hivyo. Ni raha ya kusikiliza kwa mwili, na usikivu huo Afrika Mashariki inao tangu zamani, ila iliutumia kwa wanyama wengine.

Farasi hawakukosekana kwa sababu watu hawakuwataka. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Msafara haujafika mbali na pwani, wote wawili wakafa, wakipishana kwa saa chache tu. Wapelelezi Burton na Speke, waliopita mwaka 1857, walitegemea punda, na punda wao wengi waliangamia pia. Fedha ilikuwepo na nia ilikuwepo. Kilichowashinda ni maradhi. Mbung'o hueneza nagana, maradhi ya mifugo, jambo ambalo daktari David Bruce alilithibitisha huko Zululand katika miaka ya 1890. Juu ya hapo kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaosababishwa na virusi vinavyosambazwa na visubi wadogo mno, na ambao huweza kuua farasi tisa kati ya kumi wasio na kinga. Pundamilia hukaa na virusi hivyo bila kuonyesha dalili, na punda huvihimili kuliko farasi. Sasa tazama ramani: mashariki mwa Rwanda, ilipo Hifadhi ya Akagera, ni nyika ya mbung'o na pundamilia. Farasi aliyetoka pwani angepaswa kupita katika nchi kama hiyo kabla hajaviona vilima. Ndiyo maana mwami, yaani mfalme wa Rwanda, alibebwa mabegani mwa watu, ndani ya machela iitwayo ingobyi, na wala hapana haja ya kutafuta sababu katika tabia za Wanyarwanda.

Nije kwenye raha yenyewe. Tandiko ni chombo cha akili. Ndani yake mna kiunzi kinachogawa uzito wa mpandaji pande mbili za uti wa mgongo, na vikuku vyake huipa miguu mahali pa kukanyaga. Lakini chombo hicho hicho humziba mpandaji asisikie. Tandiko likiondolewa, paja hukutana na msuli. Joto la mwili wa farasi ni nyuzi 38 hivi, limezidi la binadamu kidogo, na mpandaji hulihisi kabla hata mnyama hajapiga hatua. Mbavu zikitanuka kwa pumzi, magoti yake husukumwa nje. Farasi akitembea, kila mguu wa nyuma unapoingia chini ya tumbo lake huinua upande mmoja wa nyonga ya mpandaji, kisha mwingine, kiasi kwamba nyonga huenda vilevile kama inavyokwenda mtu atembeapo kwa miguu yake. Watabibu wanaotumia farasi kuwasaidia watoto wenye udhaifu wa viungo huutegemea mwendo huo, na mara nyingi huweka kitambaa kinene tu mahali pa tandiko ili usipotee. Upande wa pili, ngozi ya farasi humsikia nzi anapotua, hata ikatetemeka mahali hapohapo. Ngozi ya namna hiyo itakosaje kusikia paja lililokaza kwa hofu? Mazungumzo huenda pande mbili, na hapo, naamini, ndipo ulipo utamu wote.

Mwalimu mkali wa mazungumzo hayo ni mwendo wa matiti, ule wa miguu kwenda miwili miwili kwa kukingamana, na mgongo kumrusha mtu kila hatua. Mwenye vikuku husimama na kukaa, akaukwepa mrusho. Asiye navyo ana njia moja tu: kulegeza kiuno. Akijikaza hurushwa zaidi, akirushwa hujikaza zaidi. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kizima kuhusu upandaji katika zama ambazo Wagiriki hawakuwa na tandiko la kiunzi wala vikuku, na alisisitiza kwamba mpandaji asikae kama aliyekaa kitini. Awe kama mtu aliyesimama wima na kutanua miguu. Ushauri huo bado unafaa. Na hauhusu ushujaa hata kidogo.

Ushahidi wa karibu zaidi nasi uko Lamu, pwani ya Kenya, ambako njia ni nyembamba na punda ndiye gari. Wakati wa sherehe za Maulidi vijana hushindana kwa punda, nao hupanda mgongo mtupu. Si wana wa matajiri, na hakuna aliyewapeleka chuo cha upandaji. Mnyama aliyebeba mchanga na mawe ya kujengea ndiye huyohuyo wa mashindano, na kijana anamjua. Kiswahili chenyewe kinashuhudia ujuzi huo: tuna neno telki, mwendo wa punda wa haraka na laini usiomrusha mtu, na punda wa telki alikuwa mali ya kujivunia. Neno la namna hiyo hutokana na watu waliozoea kupima mwendo kwa viuno vyao.

Lipo pingamizi zito, nami sitalipunguza. Wapo wanaosema kwamba anayependa farasi atamwekea tandiko. Mwaka 2013 Hilary Clayton na wenzake walichapisha utafiti uliopima shinikizo mgongoni mwa farasi, na matokeo hayakuwapendelea wapenzi wa mgongo mtupu: bila tandiko, uzito hukaa katika eneo dogo zaidi, na shinikizo hukusanyika chini ya mifupa miwili ya makalio. Kwa hiyo anayesema kwamba kuondoa tandiko daima ni huruma kwa mnyama anakosea. Safari ndefu, mpandaji mzito, matiti ya nusu saa, vyote hivyo vinahitaji tandiko zuri. Ila ukweli huo hauivunji hoja yangu, unaipa mipaka. Kama raha ni ya kusikiliza, basi mpandaji atausikia mgongo unaobonyea kumkimbia, ataona masikio yaliyolala nyuma, naye atashuka. Asiyeshuka alikuwa akitafuta kitu kingine. Mashindano ya Palio mjini Siena, yanayofanyika tarehe 2 Julai na 16 Agosti, hukimbizwa bila tandiko kwenye uwanja wenye kona kali, na kwa miaka mingi yamelaumiwa kwa farasi wanaoumia na kufa. Ushujaa upo pale, tele. Usikivu ninaouzungumzia siuoni.

Wengine watasema huu ni mchezo wa wageni na wenye fedha. Kumtunza farasi ni ghali, kweli. Lakini kupanda bila tandiko ndiko kupanda kwa watu wasio na vifaa. Wanumidia wa Afrika Kaskazini waliwatisha Warumi wakiwa wamepanda farasi wadogo, bila tandiko wala lijamu, na mwaka 202 kabla ya Kristo, pale Zama, wapandafarasi wa mfalme wao Masinissa walikuwa upande wa Roma ilipomshinda Hannibal wa Karthago. Na kuhusu ugeni, nenda Nyanza, kwenye makumbusho ya ikulu ya mwami, ukawatazame watunzaji wa inyambo, ng'ombe wa kifalme. Huwaimbia ng'ombe hao wenye pembe zinazoweza kumtoboa mtu, huwaongoza kwa sauti na kiganja, na ng'ombe huwafuata. Hawapandi, lakini nusu ya elimu ya mpandaji wanayo: wanajua mnyama mkubwa anasema nini kabla hajafanya kitu.

Leo kinga na dawa zimebadilisha hali, na farasi wa kupanda kwa malipo wapo Fazenda Sengha, juu ya Mlima Kigali. Kutoka Kagugu ni kuvuka jiji na kupanda juu ya Nyamirambo, mtaa ambamo Kiswahili kilizungumzwa kwa vizazi kadhaa kabla ya Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Popote utakapompata farasi, usiombe tandiko liondolewe siku ya kwanza, na mwenye farasi akikataa siku ya pili pia, anayo haki. Akikubali, vaa kofia ngumu, mtu mwingine ashike kamba, nawe ushike manyoya ya shingo. Farasi atembee tu, mwendo wa kawaida, dakika kumi. Usimwongoze popote.