Gari, Tope na Mto: Fizikia ya Safari ya Masika

Katika Afrika ya Mashariki wako wenye magari ambao hawangoji mvua iishe ndipo wasafiri. Hukusanyika katika vyama vyao, na mwisho wa juma huiacha barabara ya lami kwa makusudi, wakatafuta vilima, mito na mbuga zenye tope. Magari yao ni ya aina ambayo injini huzungusha magurudumu yote manne. Watu wengi huamini kwamba gari la namna hiyo halishindwi na njia yoyote. Imani hiyo ni ya hatari, na fizikia ya shule ya sekondari yatosha kuonyesha kosa lake.

Hebu ifikiriwe safari moja ya aina hiyo. Magari manne yametoka Nairobi Jumamosi asubuhi kuelekea nyanda za Kajiado. Adhuhuri mvua ikaanza kunyesha.

Udongo unaovimba

Sehemu nyingi za nyanda hizo zina udongo mweusi wa mfinyanzi, mfano wa ule upatikanao katika mbuga nyingi za Tanzania. Chembe zake ni nyembamba mno, nazo zimepangana kama kurasa za kitabu. Maji yakipenya baina ya kurasa hizo, udongo huvimba na kuteleza; jua likiwaka, hunywea na kupasuka nyufa. Dereva aliyepita asubuhi juu ya ardhi ngumu huikuta jioni imekuwa tope zito, linaloganda katika tairi hata mifereji yake yote ikaziba.

Hesabu ya kilima

Kani ya msuguano hutegemea uzito unaoyakandamiza magurudumu na hali ya nyuso zinazogusana. Tuseme gari lina uzito wa nyutoni 20,000, na njia hupanda mita 1 kwa kila mita 8. Uzito wenyewe hulivuta gari nyuma kwa kani ya nyutoni 2,500. Iwapo juu ya tope msuguano hauzidi sehemu mbili za kumi za uzito, magurudumu manne huweza kusukuma kwa nyutoni 4,000 hivi, na gari likapanda. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili, yaliyobeba nusu tu ya uzito, hupata nyutoni 2,000: magurudumu huzunguka pale pale na kuchimba shimo.

Faida ndiyo hiyo, na mpaka wake ni huo huo. Kilima kikiwa cha mita 1 kwa kila mita 4, kani inayohitajika ni nyutoni 5,000, na magurudumu yote manne hayatoshi. Isitoshe, wakati wa kuteremka faida hiyo haisaidii kusimama, maana breki za gari la kawaida nazo hushika magurudumu yote manne. Gari lililopanda kwa urahisi huweza kuteleza likishuka.

Difu na upepo wa tairi

Difu huyawezesha magurudumu mawili ya ekseli moja kwenda kwa kasi tofauti katika kona, lakini huyagawia nguvu sawa ya kuzungusha. Gurudumu moja likikosa mshiko kabisa, mwenzake naye hupata karibu na sifuri, hata kama limesimama juu ya jiwe kavu. Kwa sababu hiyo baadhi ya magari hutiwa kufuli ya difu.

Dawa nyingine ni kupunguza upepo. Kila gurudumu la gari letu limebeba nyutoni 5,000. Tairi yenye kanieneo ya nyutoni 200,000 kwa mita mraba hugusa ardhi kwa eneo la sentimita mraba 250 hivi. Kanieneo ikipunguzwa kwa nusu, eneo huongezeka karibu maradufu, na gari halizami upesi. Baadaye sharti tairi ijazwe tena kabla ya kurudi katika lami.

Penye mto

Jumapili alasiri msafara umefika kwenye mto uliofurika. Ng'ambo ndiko njia ya nyumbani, na kesho yake ni siku ya kazi. Hapa kosa halirekebishwi kwa koleo na kamba.

Sakafu ya gari yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.7 ina eneo la mita mraba 6.8. Kwa kanuni ya Archimedes, kila sentimita 10 za maji juu ya usawa wa sakafu hulinyanyua gari kwa nyutoni 6,800 hivi, maadamu maji hayajaingia ndani. Yakifika sentimita 20, magurudumu hubaki na uzito wa nyutoni 6,400 tu. Yakifika 30, gari huelea, na msuguano haupo tena. Wakati huo huo mkondo hulisukuma ubavuni, na kasi yake ikiongezeka mara mbili, kani huongezeka mara nne.

Kiongozi wa msafara akachomeka kijiti ukingoni, akakitia alama penye usawa wa maji. Baada ya nusu saa alama ilikuwa imezama. Magari yakageuzwa, watu wakalala mahali palipoinuka. Asubuhi kijiti kilikuwa kimesimama pakavu.

Walichelewa kazini siku moja, wote wakiwa hai.