Moyo Unaopiga Ovyo na Safari ya Kupima Damu



Wapo wenzetu wa kahawa na wa viwandani ambao moyo wao hupiga bila mpango, mara mbio, mara unasita. Ugonjwa huu haumwangushi mtu siku ya kwanza. Lakini damu isiyosukumwa sawasawa hutuama moyoni, ikaganda, na bonge lake likipanda kichwani mtu hupooza upande mmoja. Kinga ni dawa ya kuzuia damu kuganda, na dawa hiyo haiwafikii watu kwa usawa.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 uliangalia wagonjwa 15,400 waliofika hospitali katika nchi zaidi ya 40. Katika wale wenye hatari kubwa ya kupooza, Amerika ya Kaskazini walikuwa wakitumia dawa karibu 66 kwa kila 100. China 11 tu. Na kuipata hakukutosha. Kwa waliotumia warfarin, Ulaya ya Magharibi damu ilikaa katika kiwango salama siku 62 kati ya 100. Kwetu Afrika, kama India na China, ni kati ya siku 32 na 40.

Sababu tunaijua. Warfarin ni dawa ya zamani na bei yake ni ndogo (ilianza kama sumu ya panya, msishtuke), lakini ikizidi mtu hutoka damu, ikipungua damu huganda. Lazima damu ipimwe mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR, ambacho kwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Hata sombe na lengalenga huipunguza nguvu. Mgonjwa azile kwa kiasi kilekile kila wiki, asizile nyingi leo na kuziacha kesho.

Sasa tufikiri. Mfanyakazi anayekaa Gitega mjini anaweza kupimwa asubuhi na mchana akawa kazini. Wa kilimani Muyinga akitumwa Gitega kupimwa, ahesabu nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima bila malipo. Akikosa mara mbili, ameacha dawa.

Wengine watasema: tuleteeni vidonge vipya visivyohitaji kipimo hicho. Ni kweli, Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Lakini uchunguzi wa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba kwa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayotokana na koo la mtoto lisilotibiwa, waliotumia dawa za zamani walikufa wachache kuliko waliopewa kidonge kipya cha rivaroxaban. Na katika uchunguzi ule wa 2014, mgonjwa mmoja kati ya watano wa Afrika alikuwa na moyo wa namna hiyo. Amerika ya Kaskazini, 2 kati ya 100.

Kwa hiyo kipimo hatukikwepi. Ipo mashine ndogo ya mkononi inayotumia tone la damu ya kidoleni. Wajumbe wetu waidai kwa zahanati zilizo karibu na mashamba, na siku ya kupimwa isikatwe mshahara.

Na aliyeanza dawa hii asimeze asprini ya dukani kwa maumivu ya mgongo kabla ya kumwuliza daktari, maana zikikutana mbili hizo, damu hutoka kwa urahisi zaidi.