Shika, Shuka na Kishindo cha Maji

Siku hizi si ajabu kuwaona vijana wa shule na vyuo vyetu wakiteremka kwa kamba kwenye magenge ambayo babu zao waliyazunguka kwa mbali. Hujifunga mikanda viunoni, wakavaa kofia ngumu, wakashuka kinyumenyume hadi sakafu ya korongo, kisha wakaparamia mawe mpaka watokee upande wa pili. Mimi siupingi mchezo huu. Nadhani umewafunza baadhi yao subira kuliko hotuba zetu za darasani. Ninalotaka kulizungumzia ni maneno wanayopigiana wakiwa kambani.

Mfano wangu unatoka Timau, katika Meru. Msomaji aliyewahi kusafiri kutoka Nanyuki kwenda Isiolo anaijua nchi ile: kusini Mlima Kenya, kando ya barabara mashamba ya ngano na maua, na kaskazini ardhi inaporomoka kuelekea nyika kavu. Maji ya mlimani hayana njia nyingine ila kuufuata mteremko huo, nayo yameuchimba kwa karne nyingi. Mto Ngare Ndare, ambao jina lake kwa Kimaasai lina maana ya maji ya mbuzi, hupita katika msitu wa mitarakwa na mizeituni ya porini, ukaanguka katika vidimbwi vya rangi ya samawati. (Msitu huo, pamoja na Lewa, uliingizwa katika eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya mwaka 2013.) Ukishuka zaidi unakuta makorongo ambayo hukauka sehemu kubwa ya mwaka, yenye kuta za mawe na miiba juu yake.

Katika mojawapo ya makorongo ya upande huo, miaka michache iliyopita, niliandamana na kundi la wanafunzi. Mvua ilikuwa imenyesha, na pembeni mwa genge palikuwa na maporomoko madogo yenye kelele kubwa. Kijana mmoja alikuwa katikati ya genge. Kiongozi aliyekuwa chini alitaka angoje, kwa kuwa mwenzake hajaondoka mahali pa kutua, akamwita kwa sauti: “Shika!” Kijana akasikia “Shuka!” Akailegeza kamba, akaporomoka kwa kasi hadi kamba ya pili, iliyoshikiliwa kutoka juu, ikamzuia. Alichubuka kiwiko tu. Walioshuhudia walicheka, kama watu wanavyocheka hofu inapowatoka. Mimi nilitoa kalamu.

Hebu tuyatazame maneno hayo mawili. Yanatofautiana kwa irabu moja, na kambani maana zake ni kinyume kabisa. Irabu zenyewe, “i” na “u”, ni ndugu: zote hutamkwa ulimi ukiwa umeinuliwa juu, hii mbele na ile nyuma. Sikio huzitenganisha hasa kwa mwangwi wa juu ulio katika “i”, nao ni sehemu dhaifu ya sauti, ambayo kishindo cha maji huimeza upesi. Tena neno linaanza kwa “sh”. Simama karibu na maporomoko usikilize: maji yenyewe yanasema “sh” mchana kutwa! Ikishamezwa konsonanti ya kwanza na irabu ikafifia, kinachomfikia aliye kambani ni “ka” peke yake, naye huijaza nafasi iliyobaki kwa neno analolitarajia. Mtu anayening'inia anatarajia kuambiwa nini, kama si kushuka?

Yamkini atatokea msomaji wa kusema kwamba dawa ni kutumia amri za Kiingereza, kama wafanyavyo wakweaji wa Ulaya. La hasha. Hofu humrudisha mtu katika lugha aliyoizoea, na mtoto aliyejifunza neno la kigeni asubuhi hawezi kulikumbuka vyema akiwa hewani jioni. Wala Kiingereza hakina kinga. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, rubani alitamka maneno aliyokusudia kuarifu kuwa ndege yake imeanza kuruka, mnara wa kuongozea ndege ukayaelewa kuwa yuko tayari na anangoja. Ndege mbili zikagongana, wakafa watu 583. Baada ya hapo maneno ya marubani yalidhibitiwa, na lile la kuruka likatengewa ruhusa yenyewe na kufutwa kwake.

Mabaharia wetu wa pwani walilitambua jambo hili zamani. Tanga likipandishwa, hutwekwa, likiteremshwa, hutuliwa. “Tweka” na “tua” hayachanganyiki hata upepo ukivuma, na ingekuwa balaa kama yangechanganyika.

Basi nami napendekeza hivi. “Shika” na “shuka” yafukuzwe kambani yote mawili. Badala yake tuwe na “simama” na “teremka”: maneno yenye irabu zilizo mbalimbali kwa sikio. Kwa kamba yenyewe, “kaza” na “legeza”. Najua mawili haya yana mwisho mmoja, na mwenye neno bora kuliko “legeza” na alilete. Hata hivyo “kaza” ni “a” tupu, irabu ambayo kinywa hufunguka wazi na sauti ikafika mbali. Jina la anayeamriwa litangulie daima. Na maji yakizidi sauti ya mtu, filimbi ichukue nafasi: mlio mmoja uwe ni kusimama.

Liko neno la tano, nalo ni zito kuliko hayo. Korongo linaweza kujaa ilhali mbingu juu yako ni nyeupe, kwa mvua iliyonyesha mbali. Katika korongo la Ol Njorowa, Hell's Gate, karibu na Naivasha, vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa Aprili 2012, na watu saba wengine wakafa vivyo hivyo Septemba 2019. Nimesikia viongozi wakifundisha kwamba ishara ya hatari ni kuita “Maji!” Lakini kwenye jua la nyikani neno hilo huitwa mara kumi kwa siku na mwenye kiu. Pawe na “Gharika!”, lisitamkwe kwa mzaha.

Mwalimu anayetaka kuyapima haya hahitaji genge. Afungue bomba juu ya bati, amsimamishe mwanafunzi mmoja hatua ishirini upande wa pili akiwa amempa mgongo, amwite “shika” na “shuka” kwa kuchanganya mara hamsini, na mwanafunzi aandike alichosikia. Kisha arudie kwa “simama” na “teremka”. Ningependa kuyaona madaftari hayo.